Huyo "wewe" ni nani? Wimbo wa ardhi wa Woody Guthrie na ugomvi wake ambao haujaisha

Ukipanda basi Kampala ukaelekea Gulu, ukishapita Luweero na Nakasongola anza kuangalia kuta. Utaona nyumba, utaona duka, mpaka fensi ya mabati, mtu amechukua brashi na rangi nyekundu akaandika kwamba ardhi hii haiuzwi. Mgeni anaweza kudhani ni tangazo la biashara, sisi tunaoishi huku tunajua ni kilio, yaani kuna mtu hapo ndani anaogopa ataamka asubuhi moja akute kiwanja chake kimeshauzwa, na aliyeuza anaweza kuwa ndugu yake wa tumbo moja au mtu wa mjini ambaye hajawahi kumtia machoni.

Naanza na kuta kwa sababu wimbo ninaotaka kuuelezea leo nao una ukuta ndani yake. Ni wimbo wa Kimarekani, unaitwa This Land Is Your Land, kwa Kiswahili chetu tuseme Ardhi Hii Ni Yako, aliutunga Woody Guthrie mwaka 1940. Mimi niliujua nikiwa P5, yaani darasa la tano, mzungu mmoja wa kujitolea alikuja shuleni kwetu na gitaa akatufundisha kwa wiki mbili hivi, majina ya California na New York akayatoa akaweka Kisoro na Karamoja, tukauimba siku ya wazazi watu wakapiga makofi. Kwangu ulikuwa wimbo wa furaha tu, wa kuisifu nchi. Ilipita miaka mingi ndo nikaja kujua kuna beti mbili hatukufundishwa, na hata huko kwao watoto wengi hawakufundishwa, na kwamba kuna Wamarekani wakiusikia wanaweka mkono kifuani, wengine wanaubeba kwenye maandamano, na wengine unawauma kabisa, hawataki hata uanzishwe wakiwa hapo. Wimbo ni ule ule, sasa inakuwaje?

Mimi baada ya kuusoma na kuusikiliza sana naona ugomvi wote unarudi kwenye neno moja dogo, "wewe". Kiitikio kinasema ardhi hii iliumbwa kwa ajili yako na yangu. Huyo wewe anayeambiwa ni nani? Hapo ndo kesi yenyewe ilipo.

Tuanze na mtunzi. Guthrie alizaliwa 14 Julai 1912, mji mdogo unaitwa Okemah, jimbo la Oklahoma. Baba yake alikuwa mtu wa kununua na kuuza viwanja, tena mwanasiasa wa pale mjini, kuna wakati walikuwa na pesa kisha mambo yakaharibika. Mama yake alikuwa na ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu unaoitwa Huntington, na ugonjwa huo huo ndo ulikuja kumuua Woody mwenyewe mwaka 1967. Miaka ya 1930 nyanda za kati za Marekani zilipata ukame na dhoruba za vumbi za kutisha, wakulima wengi wakashindwa kulipa madeni, wakaacha mashamba, wakafunga virago kwenda California kutafuta vibarua vya kuchuma matunda. Woody naye akaenda. Na California haikuwapokea kwa mikono miwili, mwaka 1936 polisi wa Los Angeles walifika mpaka mipakani mwa jimbo kuwarudisha maskini waliokuwa wanaingia, Mmarekani anamzuia Mmarekani mwenzake kuingia sehemu ya nchi yao wenyewe. Shika hilo kichwani maana bila hilo wimbo huwezi kuuelewa.

Mwanzoni mwa 1940 akawa safarini kwenda New York, wakati wa baridi, kwa lifti za watu, na kila anapopita redio na mashine za muziki zinapiga God Bless America, wimbo wa Irving Berlin ulioimbwa na Kate Smith tangu 1938, wa kumwomba Mungu aibariki Marekani. Ukamchosha. Yeye alikuwa ametoka kwa watu wanaolala kwenye mahema kando ya barabara, sasa anaambiwa kila kitu kiko sawa tumebarikiwa. Tarehe 23 Februari 1940, kwenye hoteli ya bei ya chini inaitwa Hanover House, akaandika majibu yake, beti sita, na kiitikio cha mwanzo hakikuwa hiki tunachokijua, kilikuwa kinasema Mungu aliibariki Marekani kwa ajili yangu, baadaye akakikata akaweka cha sasa. Chini ya karatasi akaandika kwamba mtu anaweza kuandika kile tu anachokiona. Halafu akauweka pembeni miaka minne, akaja kuurekodi 1944 kwa Moses Asch, mwenye kampuni ya kurekodi muziki.

Beti zile za kawaida ni za mtu anayetembea, barabara kama utepe, jangwa linang'aa, ngano inayumba. Nzuri sana. Lakini kwenye karatasi ile ya 1940 kuna ubeti ambao mtembezi anakuta ukuta mrefu unamzuia, ukutani kumepigwa rangi kwamba hii ni mali ya mtu binafsi, akazunguka upande wa nyuma akakuta hakuna kilichoandikwa. Na kuna ubeti mwingine, asubuhi yenye jua, karibu na kanisa, anawaona watu wake wamepanga foleni kwenye ofisi ya misaada wana njaa, naye amesimama pale anajiuliza kama kweli nchi hii imebarikiwa kwa ajili yake. Yaani wimbo ule unaoimbwa kama jibu, karatasi yake ya kwanza iliishia na swali.

Niliposoma huo ubeti wa ukuta nilimkumbuka jaja yangu, mama yake mama. Alikuwa na kibanja Luweero, yaani shamba la mpangaji kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine, alikirithi, alilipa busuulu yake, ile kodi ya mpangaji, kila mwaka, migomba na kahawa alipanda kwa mikono yake. Siku moja akakuta bango la bati limesimikwa kwenye kona ya shamba, kumbe mwenye kyapa, yaani hati ya ardhi, ameshauza kwa mtu mwingine na mnunuzi anataka watu watoke. Jaja hakujua kusoma, akamwita mjukuu amsomee, mtoto akasoma, ni onyo la kutoingia. Jaja akauliza, "Na huko nyuma wameandika nini?" Mtoto akazunguka, akasema, "Jaja, nyuma hamna kitu." Mimi ndo nilikuwa huyo mtoto. Wala jaja hakuwa amesikia habari ya Guthrie maishani mwake. Ndo maana nikisikia mtu anasema zile beti mbili ni siasa za wakomunisti tu, nashindwa kabisa kukubali, kwa sababu ni kitu ambacho mtu yeyote aliyesimamishwa mbele ya bango atakifikiria.

Sasa zilipotelea wapi? Guthrie mwenyewe 1944 alirekodi pia mtindo wenye ubeti wa ukuta, lakini rekodi iliyotoka kwenye sahani ya santuri 1951 haikuwa nao, na vitabu vya nyimbo vya shule vikachukua zile beti za jangwa na ngano. Miaka hiyo ya 1950 Marekani ilikuwa inawawinda watu wa mrengo wa kushoto, Pete Seeger, rafiki yake Guthrie aliyeusambaza huu wimbo kuliko mtu yeyote, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge 1955, akakataa kutaja watu, akahukumiwa, hukumu ikaja kufutwa 1962. Katika hali hiyo shule ipi ingefundisha watoto ubeti wa kuhoji mali ya mtu binafsi? Woody aliona wimbo unakua bila hizo beti, na mwanae Arlo alishasimulia kwamba baba yake, tayari mgonjwa, alimchukua uani akamfundisha zile beti, alihofia zisingejulikana tena na mtu.

Kwa hiyo wimbo ukawa na maisha mawili. Huko shuleni, kwenye sherehe na kambi za watoto, ukawa karibu wimbo wa pili wa taifa, Wakanada nao mwaka 1955 wakautengenezea majina yao ya visiwa na maziwa, ndo mtindo ule ule wa mzungu wetu wa P5. Mwaka 2002 ukaingizwa kwenye hazina ya rekodi za Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwa upande mwingine vyama vya wafanyakazi na watu wa haki za raia wakaushika kama wimbo wao wa mapambano. Mwanasiasa Bernie Sanders aliurekodi 1987 akiwa bado meya. Wale wa kwanza wakisema "wewe" wanamaanisha kila mzalendo, wa pili wanamaanisha wewe mwenye njaa kwenye foleni, na kila upande unaona mwenzake ameiba wimbo. Hata Okemah, alikozaliwa, kwa miaka mingi kulikuwa na watu hawakutaka mji umheshimu kwa sababu alikuwa karibu na wakomunisti, alikuwa anaandika safu kwenye gazeti lao. Tamasha la kumkumbuka lilianza 1998, zaidi ya miaka 30 baada ya kufa kwake.

Tarehe 18 Januari 2009, siku mbili kabla Obama hajaapishwa, Pete Seeger akiwa na miaka 89 alipanda jukwaani Lincoln Memorial pamoja na mjukuu wake na mwanamuziki Bruce Springsteen, wakaimba pamoja na beti zote zilizofichwa, ukuta na foleni ya njaa, mbele ya rais mteule. Nimeiangalia hiyo video mara nyingi. Mzee anawatajia watu mstari kabla ya kuuimba ili wote waimbe, maana alijua wengi hizo beti hawazijui. Wengi walisema basi hapo wimbo umerudishwa kwa mwenyewe, kesi imeisha.

Haikuisha. Na hapa ndo pagumu zaidi, ndo pamenifanya niandike.

Kuna watu waliokuwepo kabla ya hizo barabara zote. Mwanamuziki Mali Obomsawin, wa taifa la Waabenaki, aliandika 2019 kwenye jarida la Folklife la Smithsonian kwamba kwa wenyeji wa asili wimbo huu unaendeleza kile kile walichofanyiwa, kuwafuta, maana unaimba ardhi kama vile ilikuwa imekaa tupu inawasubiri wewe na mimi. Wengine wakakasirika, wakasema jamani Guthrie alikuwa upande wa wanyonge, mbona mnamshambulia rafiki. Jennifer Lopez alipoimba kipande chake kwenye kuapishwa kwa Biden 20 Januari 2021 malalamiko yakarudi upya. Wengine wanadhani hili ni jambo la vijana wa siku hizi wanaotafuta makosa kila mahali, si kweli, Seeger mwenyewe alisimulia kisa cha 1968, maskini wa kila rangi wamepiga kambi Washington kwa kampeni iliyoachwa na Martin Luther King, kijana mweusi Jimmy Collier anaongoza wimbo huu, Henry Crow Dog wa ujumbe wa Wasioux akamjia akamgusa kifua na kidole, akamwambia mmekosea, ardhi hii ni yangu. Collier akanyamaza, akamuuliza kwa dhati kama waache kuuimba. Mzee akatabasamu, akasema imbeni tu, mradi tuko hapa pamoja kufanya jambo.

Mimi kisa hiki nakipenda kwa sababu yule kijana aliuliza. Lakini tusijifiche nyuma ya tabasamu la mzee mmoja, ruhusa ya siku moja kambini si ruhusa ya milele.

Halafu angalia Okemah yenyewe. Kabla ya 1907 Oklahoma haikuwa jimbo, sehemu ile ilikuwa nchi ya mataifa ya wenyeji waliofukuzwa kutoka mashariki, na mahali Okemah ilipo ni kwa Wamuscogee, wanaitwa pia Wacreek. Ardhi yao ya pamoja ilikatwakatwa vipande vya mtu mmoja mmoja, na vipande vikishakuwa vya mtu mmoja mmoja vikawa rahisi kununuliwa, wakati mwingine kwa hila. Baba yake Woody biashara yake ilikuwa hiyo ya viwanja, hapo hapo. Na tarehe 9 Julai 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya McGirt ikasema hifadhi ya Wamuscogee, yaani ardhi waliyotengewa, haikuwahi kufutwa na Bunge, kwa hiyo kwa mambo ya sheria za jinai bado ni nchi ya wenyeji. Yaani mtu aliyeimba kwamba ardhi hii ni yako na yangu alizaliwa kwenye ardhi ambayo kisheria ilikuwa bado na wenyewe. Woody alizunguka nyuma ya ukuta akakuta hakuna maandishi, ni kweli na ni hoja kali dhidi ya tajiri aliyejenga ukuta, lakini mtu wa Muscogee anaweza kumwambia, ndugu, usingekuta maandishi kwa sababu walioyafuta ni nyinyi.

Ndo maana mimi siungi mkono wanaosema turudishe beti mbili na kila kitu kitakuwa sawa. Zirudishwe, tena ni lazima, bila hizo mnaimba nusu ya alichoandika na mnamsingizia furaha ambayo hakuwa nayo. Ila zinatibu ugonjwa mmoja. Zinamwingiza maskini ndani ya "wewe", mwenyeji anabaki bado nje mlangoni.

Kuna na ugomvi wa nani anamiliki wimbo, huo nitaupitia haraka. Tuni yenyewe Guthrie aliichukua kwa familia ya Carter, kundi la waimbaji, wimbo wao wa dini wa 1930, When the World's on Fire. Yeye mwenyewe kwenye kitabu chake cha nyimbo cha miaka ya 1930 aliandika kwamba atakayekamatwa anaziimba bila ruhusa atakuwa rafiki yao mkubwa. Lakini kampuni ya Ludlow Music ikawa inadai hakimiliki, 2004 kukawa na mvutano na watu wa JibJab waliotengeneza katuni ya uchaguzi kwa wimbo huu, 2016 bendi ya Satorii ikaenda mahakamani kudai wimbo ni wa umma, jaji akaifuta kesi 2020 bila kuamua swali lenyewe. Wimbo wa ardhi ya wote umewekewa fensi. Na sisi tusicheke, George Kakoma aliyetunga wimbo wetu wa taifa alilipwa shilingi 2,000 mwaka 1962, akaishtaki serikali uzeeni kudai haki zake, akafariki 2012.

Lakini turudi kwa ardhi. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 237, inasema ardhi ya Uganda ni ya raia wa Uganda. Ukiisoma haraka ni kama kiitikio cha Guthrie kabisa. Kisha ukishuka chini unakuta aina nne za umiliki, ya kimila, ya kudumu, ya mailo na ya kukodi, na kwenye mailo mtu anaweza kuwa na kyapa na mwingine akawa na kibanja juu ya udongo ule ule, wote wawili wakasema hii ni yangu na wote wawili wakawa na sheria mkononi. Hiyo imetoka kwenye mkataba wa 1900, Waingereza waliwagawia Kabaka, mfalme wa Buganda, na machifu wake ardhi kwa maili za mraba, ndo jina mailo, na mkulima aliyekuwa analima pale tangu babu zake akaamka mpangaji wa kulipa busuulu. Jaja yangu alikuwa mtoto wa mjukuu wa hao.

Na tuna wetu waliofutwa. Bwindi na Mgahinga zilipofanywa mbuga za taifa 1991, Batwa walitolewa msituni walimoishi tangu zamani, wengi wakabaki bila hata kipande, wakiishi pembeni mwa mashamba ya wengine. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba walitendewa vibaya. Sasa nafikiria wimbo wetu wa siku ya wazazi, watoto wa P5 tunapaza sauti kutoka Kisoro mpaka Karamoja nchi hii ni yako na yangu. Kisoro hiyo hiyo. Hakuna aliyetuambia. Mtwa angekuwa amekaa pale kwenye viti vya wazazi angefikiria nini?

Hapa Bweyale tuna kwaya ya vijana, mazoezi ni Jumamosi jioni, na mwaka huu niliomba tuutafsiri huu wimbo wote na beti zake zote. Bweyale ni mji wa Kiswahili kweli kweli, kuna Waacholi, Wanyoro, Waalur, na kambi ya Kiryandongo iko hapo hapo, Wasudan Kusini, Wakongo, Wakenya waliokimbia fujo za 2008, sokoni lugha ni moja. Beti za kutembea tulimaliza siku moja. Ubeti wa ukuta waliuelewa kabla sijaeleza. Tulikwama kwenye kiitikio. Wengine walitaka tuseme "ardhi hii ni yetu", ni fupi na inaimbika vizuri, mimi nikakataa, nikasema ukisema "yetu" unaweza kufumba macho, ukisema "yako" lazima umwangalie mtu.

Kijana mmoja Mkongo, anaimba besi, alikuwa amenyamaza muda wote. Familia yake ina kipande walichopewa kambini, wanalima mahindi, hawawezi kukiuza wala kukirithisha, na siku wakiambiwa rudini kwenu wanakiacha. Akainua mkono akauliza, "Kaka, mimi mkimbizi, hapo kwenye hiyo 'yako', mimi niko ndani?"

Mmoja akasema ndiyo, mwingine akasema katiba inasema raia, wakaanza kubishana, wengine kwa Kiswahili wengine kwa Kiacholi. Mimi sikuwa na la kumwambia. Mwalimu wa kwaya alisubiri kelele zipungue, akasema basi kiitikio tukiache kwanza hivyo hivyo, tuanze tena ubeti wa ukuta.